Mario: Fundi aliyetufundisha kuanguka na kuinuka

KUNA fundi mmoja wa mifereji ambaye hujawahi kumwona akiziba bomba hata moja linalovuja, lakini huenda ulimfahamu kabla ya kulifahamu jina la mwalimu wako wa darasa la kwanza. Ni mfupi, ana kitambi, masharubu mazito na kofia nyekundu. Kazi yake ni kukimbia, kuruka, kuvunja matofali na kuwakanyaga kobe.

Naam, msomaji mpenzi, ni yule yule unayemdhania. Jina lake ni Mario, na mchezo wake wa video uitwao Super Mario Bros ulianza kuuzwa nchini Japani tarehe 13 Septemba, 1985. Piga hesabu mwenyewe na utaona kwamba mchezo huo ni mtu mzima aliyekwisha kutimiza miaka 40. Walioucheza wakiwa watoto sasa ni wazazi, na baadhi yao wameshaitwa babu na nyanya.

Katika likizo ya Desemba nilipata nafasi ya kuucheza tena kuanzia mwanzo hadi mwisho, baada ya zaidi ya miaka 20. Rafiki yangu aliyerejea kutoka ng'ambo aliniazima mashine yake ya Nintendo Switch, ambayo ina michezo ya zamani ndani yake. Niliucheza pamoja na watoto wawili wa dada yangu, msichana wa miaka 12 na mvulana wa miaka 9.

Nilidhani ningeishia kucheka na kukumbuka utoto. Badala yake niliyoyaona yalinifanya nijiulize swali ambalo kila mzazi hulikwepa: mtoto aachwe aanguke mara ngapi kabla hatujamkimbilia?

Lakini kabla ya kulijibu swali hilo, hebu kwanza tumjue huyu fundi na alikotoka.

SEREMALA ALIYEGEUKA FUNDI WA MIFEREJI

Kampuni ya Nintendo ilianzishwa mjini Kyoto, Japani, mwaka wa 1889. Siku hizo, bila shaka, televisheni ilikuwa bado haijaota hata ndotoni. Kampuni hiyo ilitengeneza karata za Kijapani zilizochorwa maua, ziitwazo hanafuda.

Mwaka wa 1977 ilimwajiri kijana aliyesomea usanifu wa bidhaa za viwandani. Jina lake ni Shigeru Miyamoto, aliyezaliwa mwaka wa 1952 katika mji mdogo wa Sonobe, karibu na Kyoto. Utoto wake ulikuwa wa kutangatanga mashambani, misituni na mapangoni. Utamaduni huo wa kuchungulia kila shimo kuona kilichomo ulikuja kumfaa sana baadaye.

Mwaka wa 1981 Miyamoto alisanifu mchezo uitwao Donkey Kong. Ndani yake mlikuwa na seremala aliyeruka mapipa yaliyokuwa yakirushwa na sokwe mkubwa. Seremala huyo hakuwa hata na jina la maana, aliitwa Jumpman tu, yaani mtu wa kuruka. Baadaye tawi la kampuni hiyo nchini Marekani likampa jina la Mario, kutokana na Mario Segale, mwenye bohari ambalo tawi hilo lilikuwa limelikodi katika jimbo la Washington.

Wengi hudhani sura ya Mario ilitokana na ufundi wa hali ya juu. La hasha! Ilitokana na dhiki. Mashine za wakati huo ziliweza kuonyesha nukta chache mno, hivi kwamba mdomo wa mtu haungeonekana. Miyamoto akamchorea pua kubwa na masharubu chini yake. Kuchora nywele zinazopepea kulikuwa kazi ngumu, akamvika kofia. Ili mikono ionekane ikitembea, akamvalisha ovaroli ya rangi tofauti na shati. Kila kitu mwilini mwa Mario ni jibu la tatizo fulani.

Mwaka wa 1983 Mario aliacha useremala, akawa fundi wa mifereji, na akapata ndugu aitwaye Luigi. Mwaka huo huo biashara ya michezo ya video iliporomoka nchini Marekani. Maduka yalikuwa yamefurika michezo duni, wateja wakachoka, na wenye maduka hawakutaka tena kusikia habari hiyo. Nintendo ilipoipeleka mashine yake New York mnamo Oktoba 1985, wengi waliiona kama mtu anayekwenda kuuza miavuli jangwani.

Kilichowaziba midomo ni mchezo huu ninaokusimulia. Miyamoto aliusanifu pamoja na mwenzake Takashi Tezuka, naye Koji Kondo akautungia muziki. Nakala zake zaidi ya milioni 40 ziliuzwa kwa mashine hiyo ya kwanza pekee.

DARASA LISILO NA MWALIMU

Hadithi ya mchezo wenyewe ni fupi kama ngano za nyanya. Binti mfalme ametekwa na jitu la kobe liitwalo Bowser. Mario anakwenda kumwokoa. Kuna nchi nane, na kila nchi ina hatua nne, jumla 32. Mwisho wa kila nchi ni ngome.

Sasa tazama maajabu ya hatua ya kwanza. Hakuna maandishi ya kukueleza ufanye nini. Hakuna sauti ya kukuelekeza. Mario anasimama upande wa kushoto wa kioo, akiangalia kulia, na mbele yake pako wazi. Hakuna adui anayemkimbiza. Unaweza kukaa hapo ukibonyeza vitufe vyote mpaka ujue kipi kinakimbiza na kipi kinarusha. Ukijaribu kurudi kushoto, unakwama. Kwa hivyo unakwenda kulia, na tayari umejifunza somo la kwanza.

Hatua chache mbele kinakuja kiumbe cha rangi ya kahawia, kimenuna, kinatembea polepole. Usipofanya lolote, kitakugusa nawe utakufa. Ukiruka, huenda ukakipita, au ukakiangukia kichwani kikasagika. Hilo ni somo la pili. Jambo la kustaajabisha ni kwamba kiumbe hiki kilichorwa karibu na mwisho wa kazi yote. Watengenezaji walikuwa wamegundua kuwa kobe, ambaye ukimkanyaga hujificha gambani na bado ni hatari, alikuwa adui mgumu mno kwa mtu anayeanza. Walitafuta adui mwepesi kwa ajili ya mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Halafu kuna masanduku yenye alama ya kuuliza. Unaligonga moja kwa chini, inatoka sarafu. Unaligonga la pili, unatoka uyoga. Uyoga huo unateleza kwenda kulia, unaanguka chini, unagonga bomba na kugeuka kukujia wewe. Mchezaji mgeni huogopa, kwani amekwisha kujua kuwa vitu vinavyomjia huua. Anaruka ili aukwepe. Lakini juu yake kuna matofali, kwa hivyo anagonga kichwa na kuuangukia uyoga ule ule. Badala ya kufa, anakuwa mkubwa maradufu!

Matofali hayo hayakuwekwa hapo kwa bahati. Waliwekea mchezaji mtego wa kumfaidi, ili kosa lake la kwanza lenye woga limletee zawadi.

Endelea mbele. Kuna mabomba manne, la pili ni refu kuliko la kwanza, na la tatu ni refu zaidi. Hapo unajifunza kwamba ukishikilia kitufe kwa muda mrefu, Mario huruka juu zaidi. Karibu na mwisho kuna ngazi mbili zinazotazamana, na katikati yake ni ardhi salama. Ukikosea kuruka unaanguka, unacheka, unajaribu tena. Baada ya nafasi ndogo tu unakuta ngazi nyingine mbili za sura ile ile, lakini safari hii katikati yake pana shimo la mauti. Umekwisha kufanya zoezi, sasa ni mtihani.

Je, ni walimu wangapi, msomaji, hutupa zoezi salama kabla ya mtihani? Na sisi wazazi je?

ULITOSHEA KWENYE KIGANJA

Jambo jingine linalofaa kutajwa ni udogo wa mchezo wenyewe. Wote, pamoja na picha, muziki na hatua zake 32, ulijaa katika nafasi ya kilobaiti 40. Makala kama haya unayoyasoma sasa, yakiandikwa katika kompyuta mara tatu, hayangetosha humo. Picha moja uliyompiga mwanao kwa simu asubuhi ya leo inaweza kuhitaji nafasi mara 50 zaidi.

Ufinyu huo ulizaa ujanja. Ukitazama vizuri utagundua kwamba wingu lililo angani na kichaka kilicho ardhini ni mchoro mmoja. Kimoja kimepakwa rangi nyeupe na kingine kijani kibichi. Mamilioni ya watu walicheza kwa miaka mingi bila kugundua. Yule kiumbe aliyenuna naye ni mchoro mmoja tu unaogeuzwa kushoto na kulia upesi upesi, nawe unaona anatembea.

Nao muziki? Kondo alikuwa na sauti tatu za kupiga na moja ya kelele, basi. Kwa hizo chache alitunga wimbo ambao mwaka wa 2023 ulikuwa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kuingizwa katika orodha ya kumbukumbu za sauti za taifa inayohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Mama mboga anayepika jikoni huku mtoto akicheza sebuleni anaweza kuuimba bila kukosea, hata kama hajui unaitwaje.

Mwenye nguo haendi tupu. Ukijua kukitumia kidogo ulicho nacho, huaibiki.

ULIVYOTUFIKIA SISI

Hapa kwetu, wengi hatukuijua mashine halisi ya Nintendo. Tulichokijua ni zile mashine za kuiga zilizotengenezwa Taiwan na China, ambazo zilijaa madukani katika miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Unazikumbuka? Zilikuwa na pedi mbili za waya na kaseti ya plastiki, aghalabu ya rangi ya manjano, iliyojigamba kuwa na michezo 9,999. Ukihesabu ulikuta ni michezo michache tu iliyorudiwa kwa majina tofauti. Lakini Mario hakukosekana, pamoja na ule wa kupiga bata kwa bunduki na ule wa vifaru.

Mtaani kwetu Nakuru, nyumba yenye mashine hiyo haikukosa wageni Jumamosi. Mashine ilichomekwa mahali pa waya wa erio, na mtu mmoja akawa na kazi ya kutafuta chaneli mpaka picha itulie. Watoto tuliketi sakafuni, kumi au zaidi, na pedi zilikuwa mbili tu. Mchezo wenyewe ndio uliotunga sheria: wa kwanza ni Mario, wa pili ni Luigi, na ukifa unampisha mwenzako. Basi nasi tukaiendeleza: ukimaliza roho zako tatu, unampa pedi anayefuata. Hakuna aliyeuliza wewe ni mtoto wa nani.

Kaseti ikikataa, tuliipuliza kwa mdomo. Kila mtoto aliamini pumzi yake ndiyo yenye dawa. Ukweli ni kwamba kilichosaidia ni kuichomoa na kuichomeka tena. Pumzi yenye unyevu ingeweza hata kuleta kutu.

Na stima je? Mchezo huu hauweki kumbukumbu ya ulikofika. Stima ikipotea ukiwa nchi ya saba, jasho la mchana mzima limekwenda na maji. Ulisikika mguno mmoja mtaani, kisha kicheko. Kesho yake mnaanza tena nchi ya kwanza, hatua ya kwanza. Lakini mliipita upesi kuliko jana, kwa sababu vidole vilikuwa vimehifadhi kile ambacho mashine haikukihifadhi.

MTOTO ALIYEOGOPA KUKOSEA

Sasa nirudi kwa wale watoto wa dada yangu. Kwa idhini ya mama yao, nitakusimulia habari ya yule mdogo.

Muhula uliopita ripoti yake ya shule ilikuja na maneno machache ya mwalimu yaliyomkosesha mama usingizi. Mwalimu aliandika kuwa mtoto huyu haandiki jibu asipokuwa na hakika nalo. Akiwa na shaka, anaacha nafasi tupu. Darasani hainui mkono. Mama alipomuuliza sababu, alijibu kwa sauti ndogo, "Afadhali niache kuliko nikosee."

Dada yangu si mzazi mkali. Kama wazazi wengi wa siku hizi, yeye humkimbilia mtoto upesi. Kiatu kikikataa kufungika, anamfungia. Hesabu ikimshinda, anampa jibu. Anafanya hivyo kwa mapenzi, na kwa sababu saa za jioni ni chache na amechoka.

Nilipowasha mchezo na kumpa mvulana huyo pedi, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mjomba, nifanye nini?"

Nikamwambia, "Sijui, jaribu."

Alikwenda kulia, akagongana na kile kiumbe kilichonuna, akafa. Akanirudishia pedi. Sikuipokea. Dada yake, ambaye alikuwa akisubiri zamu, akamwambia, "Bado una roho mbili, wewe!"

Akaicheza ya pili, akafa pale pale. Ya tatu akaruka, akakipita kiumbe, akapiga kelele ya furaha, na mara akatumbukia katika shimo la kwanza. Siku hiyo alitumbukia katika shimo hilo mara saba, nilihesabu. Kila alipotumbukia ulilia muziki mfupi wa sekunde chache, na mara Mario akasimama tena, kofia kichwani, kana kwamba hakuna lililotokea. Hakuna aliyemfokea. Hakuna alama nyekundu. Hakuna aliyecheka zaidi ya sekunde mbili, maana kila mmoja alijua shimo lile lile linamngoja.

Siku ya tatu alisema neno ambalo lilimfanya mama yake atoke jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa ametumbukia tena. Badala ya kunirudishia pedi alisema, akijizungumzia mwenyewe, "Hapa nilichelewa kubonyeza. Ngoja nianze kukimbia mapema."

Msomaji mpenzi, huyo ni mtoto ambaye wiki moja kabla hakuweza kuandika jibu la hesabu alilokuwa na shaka nalo. Sasa alikuwa amelitaja kosa lake kwa jina, amelitafutia dawa, na anarudi kujaribu. Kisha akaliruka shimo.

Sitakudanganya kwamba Mario alimponya. Mchezo si dawa, na huenda muhula mpya una mwalimu mwenye subira zaidi, au huenda mtoto amekua tu. Lakini dada yangu alinionyesha daftari la hesabu la Januari. Lina alama nyekundu nyingi kuliko lile la muhula uliopita. Wengine wangehuzunika. Yeye alikuwa akitabasamu, kwa sababu hakuna tena nafasi tupu. Kila swali limejaribiwa.

Wazee walitufunza kuwa kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Tatizo ni kwamba methali hiyo tunawasomea watoto kwa mdomo, halafu matendo yetu yanawaambia wasithubutu kujikwaa.

HAUKOSI KASORO

Haitakuwa haki kuusifu mchezo huu bila kutaja dosari zake. Mpwa wangu wa kike alitazama mpaka ngome ya kwanza ilipoisha, na Mario akaambiwa kuwa binti mfalme yumo katika ngome nyingine. Akaniuliza, "Mjomba, mbona msichana ndiye anayefungwa kila wakati? Yeye hawezi kuruka?"

Swali lake ni zuri, na wengine wameliuliza kabla yake. Ukweli ni kwamba katika mchezo wa 1985 binti huyo, aitwaye Peach, hana kazi ila kungoja. Mambo yamebadilika polepole. Mwaka wa 2024 ulitolewa mchezo wa Princess Peach: Showtime! ambao yeye ndiye shujaa. Katika filamu ya Mario ya mwaka wa 2023, iliyoingiza zaidi ya dola bilioni moja duniani, ni yeye anayemfundisha Mario kuruka vikwazo. Nilimweleza hivyo mpwa wangu. Akasema, "Basi wamechelewa," akaomba pedi, na akamaliza hatua ya pili kabla ya ndugu yake.

Kasoro nyingine ni ugumu. Nchi ya nane itamtoa machozi hata mtu mzima. Nasi watu wazima tulio na mbinu za zamani hujidanganya kwamba tungali hodari. Kuna njia za mkato: katika hatua ya pili ya nchi ya kwanza, ukitembea juu ya dari na kupita mahali hatua inapoishia, unakuta mabomba yanayokupeleka moja kwa moja hadi nchi ya pili, ya tatu au ya nne. Wapo mabingwa wanaotumia njia hizo na ustadi usio wa kawaida. Mwaka wa 2021 mmoja wao aliumaliza mchezo mzima chini ya dakika 4 na sekunde 55. Mimi ulinichukua jioni nne, na vidole viliuma.

MCHEZO WENYE MWISHO

Kuna wazazi watakaouliza: kwani si hawa watoto wanacheza michezo kwenye simu kutwa kucha? Wa zamani una tofauti gani?

Tofauti ipo, tena kubwa. Michezo mingi ya simu hutolewa bure, halafu inauza. Mtoto akishindwa mara chache, anaonyeshwa tangazo la biashara, au anaambiwa anunue nguvu za kuendelea. Kushindwa kwake ndiko mtaji wa mwenye mchezo. Kisha michezo hiyo haina mwisho. Ukimaliza hatua ya mia tatu kuna ya mia tatu na moja, na kesho itaongezwa nyingine. Mtoto hawezi kusema, "Nimemaliza." Ataondolewa simu akilia.

Mchezo wa Mario hauna duka ndani yake. Roho za ziada hazinunuliwi kwa pesa. Ukiokota sarafu 100 unapata moja, kwa jasho lako. Na una mwisho. Unafika ngome ya nane, unamshinda Bowser, binti mfalme anakushukuru, basi. Siku tulipofika huko, mvulana alikaa kimya kidogo, akaweka pedi mezani, akauliza kama anaweza kwenda nje kucheza mpira. Hakuna aliyemlazimisha.

Isitoshe, mchezo wa simu humtia mtoto katika chumba chake peke yake hata akiwa ameketi kando yako. Mario huchezwa kwenye kioo kimoja ambacho wote wanakiona. Anayecheza ni mmoja, wanaoruka ni wote.

UFANYE NINI, MZAZI?

Iwapo una nafasi ya kuupata mchezo huu, au mwingine wa zamani unaofanana nao, haya ni mambo machache ya kukusaidia.

Kwanza, cheza nao. Usimpe mtoto pedi kisha ukaenda kusoma gazeti, hata kama ni hili. Muache akuone wewe mzazi ukitumbukia shimoni mbele yake na kuinuka. Kwa watoto wengi itakuwa mara ya kwanza kumwona baba au mama akishindwa jambo bila kukasirika.

Pili, funga mdomo. Hili ndilo gumu kuliko yote. Utawashwa na ulimi kumwambia, "Ruka sasa! Ruka!" Ukimwambia, umemnyang'anya somo. Subiri akuulize, na akikuuliza, mrudishie swali: "Wewe umeona nini?"

Tatu, wekeni zamu na saa. Roho tatu kisha pisha. Ikifika saa mliyokubaliana, zimeni, hata kama mmebakisha ngome moja. Ngome haihami.

Nne, usikubali kununua kwa bei ya ajabu. Kwa sababu ya mapenzi ya watu kwa vitu vya kale, nakala moja ya mchezo huu ambayo haikuwahi kufunguliwa iliuzwa kwa dola 660,000 mnada mmoja nchini Marekani mnamo Aprili 2021. Hiyo ni kaseti ya kuweka kabatini, haikufundishi chochote. Uliza rafiki au jamaa mwenye mashine, muazimane.

Na kama huna mashine wala televisheni, usivunjike moyo. Somo lenyewe halimo katika umeme. Limo katika kati, ajua, bao, kuruka kamba, na kupanda mpera ulio nyuma ya nyumba. Mchezo wowote unaomruhusu mtoto kushindwa bila aibu na kuanza upya bila malipo utamfaa vivyo hivyo.

Usiku wa leo mwanao akileta kitabu cha hesabu na kukuuliza jibu, jaribu kunyamaza kidogo. Mwambie ajaribu kwanza. Akikosea, usishtuke wala usimshike mkono upesi. Bado ana roho mbili.